Jinsi ya kuandika dripu ya lishe kwenye MDS (K0520A) ili isikurudie baadaye

Nawaandikia manesi wenzangu mlio kwenye makao ya wazee Marekani, hasa nyie mliotolewa wodini juzi juzi mkapewa kiti cha MDS (fomu ya tathmini ya mkazi inayotumwa serikalini) na rundo la fomu bila maelezo ya kueleweka. Kuna hiki kipengele cha K0520A, kulishwa kwa mshipa, ukikiangalia ni kisanduku kimoja tu cha kutiki, lakini kinagusa malipo na chochote kinachogusa malipo ujue siku moja kitakaguliwa. Zamani kiliitwa K0510A, kikabadilishwa namba kuanzia Oktoba 1, 2023, kwa hiyo ukikuta karatasi za mafunzo zimeandikwa K0510 jua ni za kale.

Sasa shika neno hili moja kabla hatujaenda mbali: mfuko kuning'inia kwenye stendi hautoshi kutiki. Kinachokuruhusu kutiki ni maandishi kwenye faili yanayosema huyu mkazi alihitaji lishe au maji ya ziada, kwa sababu hii na hii, na akapata kiasi hiki, tarehe hizi. Dripu ileile, salaini ileile, kwa mkazi mmoja inaingia na kwa mwingine haiingii, na tofauti yao ni sababu tu. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta sababu, mfuko baadaye.

Anza na dirisha la siku 7

Unaangalia siku 7 zinazoishia kwenye ARD (tarehe ya marejeo ya tathmini), na ARD yenyewe inahesabiwa mpaka saa 5:59 usiku (11:59 p.m.). Kama ARD ni tarehe 20 basi dirisha lako ni tarehe 14 mpaka 20, sio 13. Ionekane kama hesabu ya mtoto lakini hapa ndipo watu wanajikwaa, mkazi alitundikiwa dripu tarehe 13 hospitali akaja kwako tarehe 14 asubuhi, mtu anatiki kwa sababu barua ya hospitali imesema alipewa maji. Tarehe 13 iko nje, basi, hakuna mjadala.

Safuwima ziko nne na kila moja ina kazi yake. Ya 1 ni wakati wa kulazwa, inaangalia siku ya 1 mpaka ya 3 za kukaa kwake chini ya Medicare Part A (sehemu ya bima ya serikali ya wazee). Ya 2 ni alipokuwa bado sio mkazi wenu lakini ndani ya zile siku 7, yaani mara nyingi hospitali alikotoka. Ya 3 ni akiwa mkazi wenu ndani ya siku 7. Ya 4 ni mwisho wa Part A, siku 3 za mwisho. Safuwima ya 2 unaijaza tu kama ameingia kwenu ndani ya hizo siku 7, kama ana zaidi ya hapo iache wazi, usijaribu kuwa mwema ukaenda kufukua faili la hospitali la wiki tatu nyuma.

Kinachoingia na kisichoingia

Manuali ya RAI, ule mwongozo rasmi wa kujaza MDS, inasema wazi: ni kuingiza lishe mwilini kwa njia nyingine isiyopitia utumbo, kwa mshipa au chini ya ngozi. TPN (lishe kamili ya mshipani) inaingia, iwe inatembea masaa 24 au ya usiku tu. Maji ya dripu ya kawaida yanaingia KAMA faili linaonyesha yalitolewa kwa hitaji la lishe au la maji mwilini. Dripu ya chini ya ngozi nayo inaingia kwa sharti hilohilo, na hii watu wengi wanaisahau kabisa kwa vile haipo kwenye mshipa, wakati wazee wengi ambao mishipa imeshachoka ndio wanaopewa hiyo. Hata maji ya kuzuia upungufu kabla haujatokea yanakubalika, lakini lazima kuwe na sababu ya kitabibu iliyoandikwa, sio "tumempa tu kwa tahadhari".

Sasa upande wa pili. Dawa za mshipa haziingii hapa, zina sehemu yake O0110H. Maji yaliyotumika kuchanganyia au kuzimulia dawa hayaingii. Maji ya kusafishia laini peke yake hayaingii. Maji ya kawaida ya upasuaji, ya kipimo au ya chumba cha kuamkia baada ya upasuaji hayaingii. Yaliyoambatana na kemotherapi au dayalisisi hayaingii.

Hapo kuna mtego wa pigibeki, yaani mfuko mdogo unaounganishwa kwenye laini ya dripu. Manuali inayataja maji ya kwenye pigibeki upande wa vinavyoweza kuingia, halafu hapo chini inakataa maji ya kuchanganyia dawa, watu wanachanganyikiwa wanaanza kubishana ofisini. Mimi naisoma hivi: antibayotiki ndani ya mililita 100 za salaini, kila masaa 8, ile salaini ipo pale kubeba dawa, haina habari na kiu ya mzee. Weka dawa O0110H na uendelee na maisha yako. Ili pigibeki iingie K0520A unahitaji maandishi kwamba hayo maji yenyewe yalihitajika kama maji, na kusema kweli maandishi ya namna hiyo ni ya kutafuta kwa tochi.

KVO ni hivyohivyo. Inaruhusiwa ikiwa na ushahidi wa hitaji, lakini dripu inayotembea polepole ili mshipa usizibe, lengo lake kuu limeshajieleza. Kama faili zima hamna neno lolote kuhusu kunywa kidogo, sodiamu kupanda, mkojo kupungua, usitiki kwa sababu tu KVO iko kwenye orodha.

Sababu inaandikwaje

Hapa ndipo pa kukaa sana, na hapa unawahitaji manesi wa wodini zaidi ya wanavyokuhitaji wewe. Oda inayosema "salaini mililita 75 kwa saa, lita 1" imekamilika kwa ajili ya kutundika, kwako wewe imekosa kitu kimoja kikubwa. Omba oda iwe na sababu ndani yake, kwa mfano upungufu wa maji kutokana na kutapika, au hawezi kula wala kunywa vya kutosha kwa mdomo. Daktari akisahau apigiwe siku hiyohiyo, sio mwezi ujao.

Halafu noti ya nesi. Noti kama hii haikusaidii chochote: "Dripu inaendelea vizuri, mkazi hana malalamiko." Ni kweli labda, lakini haisemi kitu. Linganisha na hii (kwenye chati mtaandika kwa Kiingereza, mimi naweka maudhui tu): "1400. Tangu asubuhi amekunywa mililita 240, jana kutwa mililita 400. Mdomo mkavu, mkojo kidogo na rangi nzito, amechanganyikiwa kuliko kawaida yake. Daktari amepigiwa 1410, ametoa oda ya salaini mililita 75 kwa saa kwa lita 1 kwa ajili ya upungufu wa maji. Imeanza 1430 mkono wa kushoto, pahali pa sindano hapana uvimbe wala wekundu." Ukisoma hiyo huna haja ya kumuuliza mtu yeyote kitu. Hitaji lipo, oda ipo, muda upo, na mtu aliyekuja kesho yake anajua afuatilie nini.

Kwa wazee usitegemee kuvuta ngozi ya mkono kama dalili, ngozi ya uzeeni inabaki imesimama hata kama maji yapo ya kutosha. Na kiu nayo inapungua kadiri umri unavyokwenda, kwa hiyo "hajalalamika kiu" sio ushahidi wa chochote. Andika vitu vinavyopimika: amekunywa kiasi gani, amekojoa kiasi gani, uzito umeshuka kutoka ngapi mpaka ngapi, majibu ya maabara ya sodiamu na yurea yanasemaje, amebadilika akili tangu lini.

Kwa TPN sababu huwa ni nyepesi kuipata maana hakuna mtu anayepewa TPN bila utumbo kuwa na shida kubwa, labda umeziba, umekatwa ukabaki mfupi, au una tundu linalovuja. Lakini andika hivyo! Usiandike "TPN kama ilivyoagizwa" siku 7 mfululizo ukadhani umemaliza. Kila mfuko mpya unataka muda wa kutundikwa, kasi ya pampu, kwamba lebo imelinganishwa na oda, jina, tarehe ya kuisha na viambato, na manesi wawili kama sera yenu inataka wawili. Mfuko haukai zaidi ya masaa 24 umetundikwa, na mpira wake unabadilishwa na kila mfuko mpya, kwa hiyo chati ikionyesha mfuko mmoja wa masaa 30 umejishtaki mwenyewe. Ongeza sukari ya kidole kwa ratiba, joto la mwili, hali ya laini ya PICC (mrija mrefu wa mshipani), uzito, na vipimo vya potasiamu, fosfeti na magnesiamu, hasa siku za mwanzo kwa mtu aliyekaa na njaa muda mrefu maana lishe ikirudi ghafla hivyo vitatu vinaweza kuporomoka. Na mfuko ukikatika katikati, eleza ulikatika kwa nini na nani aliarifiwa, TPN haikatwi ghafla tu kama salaini.

Kiasi: kilichoingia, sio kilichoagizwa

Ukishatiki K0520A safuwima ya 2 au ya 3, K0710 inakufungukia. Ina maswali mawili na kila moja lina safuwima mbili, ya muda aliokuwa mkazi na ya siku zote 7.

K0710A inauliza asilimia ngapi ya kalori zimepitia mshipa au mpira wa tumbo. Unajaza 1 kama ni 25 au chini, 2 kama ni 26 mpaka 50, 3 kama ni 51 kwenda juu. Kama mkazi hali kabisa kwa mdomo, au anaonja mafunda mawili matatu ya maji tu, usihangaike na hesabu, ni 3. Akiwa anakula kidogo kidogo mtafute mtaalamu wa lishe mkae chini, lakini ni vizuri na wewe ujue hesabu inavyokwenda ili usiwe unapokea namba kama barua.

Dekstrosi ya mshipani inatoa kalori 3.4 kwa gramu, asidi amino kalori 4 kwa gramu, mafuta ya asilimia 20 yanatoa kalori 2 kwa mililita. Chukua mkazi ambaye mfuko wake wa siku una gramu 225 za dekstrosi, gramu 75 za asidi amino, na pembeni mililita 250 za mafuta ya asilimia 20. Hiyo ni 765 jumlisha 300 jumlisha 500, jumla 1,565. Kwa mdomo anapata kama 400 kwa siku. Gawanya 1,565 kwa 1,965, unapata karibu asilimia 80, kwa hiyo 3.

Sasa mwingine ana dripu ya dekstrosi asilimia 5, lita 1 kila siku, na anakula kalori 1,400. Lita hiyo ina gramu 50 za sukari, yaani kalori 170 tu. 170 kwa 1,570 ni kama asilimia 11. Unajaza 1. Watu wanashtuka wakiona hivi kwa sababu lita nzima ya "maji ya sukari" inaonekana chakula, kumbe ni kidogo sana. Na salaini tupu ni sifuri, haina kalori hata moja, hata ukimpa ndoo.

K0710B inauliza wastani wa maji kwa siku kupitia mshipa au mpira: 1 ni mililita 500 au chini, 2 ni 501 kwenda juu. Kwa siku zote 7 unajumlisha kila kilichoingia, unagawanya kwa 7, hata kama dripu ilikuwepo siku tatu tu. Usigawanye kwa siku za dripu, tafadhali.

Angalia mfano huu ndio utaelewa kwa nini nasisitiza kilichoingia. Oda ni lita 1 kwa siku, siku 4. Ukisoma oda peke yake unapata 4,000 gawanya kwa 7, ni 571, unajaza 2. Ukifungua karatasi ya maji yanayoingia na kutoka unakuta siku ya kwanza 1,000, ya pili 1,000, ya tatu 620 kwa sababu laini iliziba usiku ikachukua masaa kupata mshipa mwingine, ya nne 750 kwa kuwa alipelekwa kipimo pampu ikazimwa. Jumla 3,370, gawanya kwa 7 ni 481. Unajaza 1. Namba moja imebadilika na oda haijabadilika hata nukta. Ndio maana waambie manesi wa wodini wasome pampu mwisho wa kila shifti, waandike mililita zilizoingia, halafu wafute hesabu ya pampu ili shifti inayofuata isije ikahesabu mara mbili. Shifti moja ikiruka unabaki unakisia, na kukisia hakuna sehemu yake kwenye fomu.

Kwa nini wakubwa wanakiuliza sana

Chini ya PDPM, mfumo wa malipo wa Medicare uliyoanza Oktoba 1, 2019, kulishwa kwa mshipa kunampeleka mkazi kwenye kundi la Special Care High upande wa uuguzi, ilimradi alama yake ya uwezo wa kufanya shughuli ni 14 au chini. Na upande wa NTA (gharama zisizo za tiba ya mazoezi, kama dawa) kuna pointi: K0710A ya muda wa ukazi ikiwa 3 ni pointi 7, ni nyingi sana zile, na ikiwa 2 pamoja na maji 501 kwenda juu ni pointi 3. Yule wa dekstrosi asilimia 5 hapo juu ana maji ya kutosha lakini kalori ni asilimia 11, kwa hiyo pointi za NTA hapati hata moja.

Sasa utasikia shinikizo, "huyu alipewa dripu hospitali, tiki basi". Jibu lako liwe swali: ilikuwa ya nini? Ikiwa ni ya chumba cha upasuaji, haiingii. Ikiwa ni ya kumpa maji kwa sababu alifika hospitali amekauka, na ipo ndani ya siku 7, inaingia safuwima ya 2, lakini nataka karatasi. Na karatasi ninayoitaka sio ule muhtasari wa kuruhusiwa unaosema "alipewa maji ya mshipa", huo hauna tarehe wala kiasi. Omba chati ya dawa ya hospitali, omba karatasi ya maji, omba noti ya daktari ya dharura. Omba siku ileile mkazi anapofika, maana ukisubiri wiki mbili idara ya kumbukumbu itakuzungusha mpaka ARD ipite na fomu idaiwe. Weka nakala kwenye faili lenu, usiisome tu kwenye kompyuta ya hospitali ukafunga, mkaguzi hataingia huko kukutafutia.

Kisichojulikana sana ni kwamba tiki hiyo ya safuwima ya 3 inafungua pia uchambuzi wa lishe na wa upungufu wa maji kwenye tathmini kamili. Kwa hiyo mpango wa huduma lazima utaje dripu: lengo ni nini, itaisha lini au kwa kigezo gani, nani anafuatilia uzito, nini kinajaribiwa kwa mdomo. Nimeona faili ambalo K0520A imetikiwa, K0710 imejazwa vizuri, halafu mpango wa huduma unasema mkazi "anakula vizuri chakula cha kawaida". Faili linajipinga lenyewe, na hakuna maelezo yatakayolisafisha.

Mtiririko ambao mimi naufuata

Nafungua oda kwanza nasoma sababu. Kisha chati ya dawa kuona tarehe halisi dripu ilianza na kuisha. Kisha karatasi ya maji, siku kwa siku, nanakili namba kwenye karatasi yangu na kuiambatanisha. Kisha noti za manesi na za mtaalamu wa lishe ndani ya zile siku 7. Mwisho maabara. Kama oda na chati ya dawa hazikubaliani nasimama hapohapo, nampigia nesi aliyekuwa zamu kabla sijagusa kisanduku. Nikikuta kila kitu kipo isipokuwa sababu, sijazi sababu kwa kubuni kutokana na utambuzi wa ugonjwa, namrudishia daktari aandike mwenyewe kama kweli ndiyo ilikuwa sababu.

Nesi akikumbuka kitu baadaye anaruhusiwa kuandika, lakini aandike kama noti ya kuchelewa, yenye tarehe na saa ya leo anapoandika na kueleza tukio la siku gani. Asirudishe tarehe nyuma. Na kama ni nesi ambaye hakuwepo siku hiyo, asiandike kabisa, hata kama msimamizi anamwomba kwa upole.

Fomu ikishatumwa na ukagundua K0520A ilitikiwa kwa dripu ya antibayotiki, au kinyume chake mliacha TPN ya wiki nzima, usiiache ikalala. Inarekebishwa kwa kutuma marekebisho ya tathmini ileile, na kama kosa limebadilisha malipo waambie watu wa bili siku hiyohiyo wasije wakaendelea kudai kwa msimbo wa malipo wa zamani. Mwisho angalia sera ya jimbo lenu na ya makao yenu kuhusu ushahidi unaotakiwa, kwa sababu manuali yenyewe inawaachia wao waseme karatasi gani iwekwe wapi, na kwa wakazi wa Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) jimbo lako linaweza kutaka zaidi ya haya niliyoyaandika hapa.